Nguzo kwanza, waya baadaye: Jinsi ya kukaza ua wa seng'enge uliolegea

WAKULIMA wengi humu nchini hutumia fedha nyingi kuzungushia mashamba yao seng'enge, kisha huusahau ua huo hadi siku ng'ombe wa jirani wanapokutwa alfajiri katikati ya mahindi. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mzee wa kijiji huitwa, hasara hukadiriwa, na watu waliokuwa wakiazimana jembe na chumvi huanza kupitana njiani bila salamu. Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni nyaya mbili au tatu zilizolegea, ambazo zingeweza kukazwa kwa muda wa alasiri moja kwa kifaa cha mkono.

Kifaa hicho cha kukazia waya, ambacho katika makala haya tutakiita kikazio, si kigeni kwa mafundi wa nyua. Hata hivyo, wengi wanaokitumia hudhani kuwa kazi yake ni kuvuta tu, na kwamba kadiri waya unavyovutwa ndivyo ua unavyokuwa imara. Dhana hiyo ni ya hatari. Kikazio kina nguvu kuliko kinavyoonekana, na kikitumiwa kabla ya nguzo kuchunguzwa, hung'oa nguzo ya pembeni au kukata waya, na kumwacha mkulima na hasara kubwa kuliko ile aliyokusudia kuizuia.

WAJIBU WA MWENYE SHAMBA

Kutunza ua wa mpakani si hiari ya mwenye ardhi pekee. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 inamtaka kila mmiliki kuziweka katika hali nzuri alama zinazoonyesha mpaka wake, zikiwemo nyua, vichaka vilivyopandwa, mawe na bikoni. Sheria iyo hiyo inaharamisha kuharibu au kuondoa alama hizo bila idhini.

Kwa sababu hiyo, mkulima anayetaka kung'oa nguzo ya pembeni iliyooza na kusimamisha nyingine anafaa kumwarifu jirani yake kabla ya kuanza kazi, na ikiwezekana amwite ashuhudie. Nguzo ikisogezwa hata kwa hatua moja, kazi iliyokusudiwa kuleta amani yaweza kuzaa kesi ya ardhi.

KWA NINI WAYA HULEGEA

Sababu ya kwanza ni nguzo za mwisho, yaani zile za pembeni na za langoni. Nguzo hizi ndizo hubeba mvuto wote wa mstari. Zile za katikati kazi yake ni kuushikilia waya katika kimo chake tu. Nguzo ya pembeni ikiinama kwa upana wa kiganja, kila waya uliofungwa kwayo hulegea kwa kiasi kicho hicho.

Nguzo huinama kwa sababu kadhaa. Mchwa na ukungu huila karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Nyingine huwa hazikuchimbiwa kina cha kutosha. Katika maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, kama vile Mwea, nyanda za Kano na zile za Athi, udongo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nazo nguzo husukumwa huku na huko kila msimu.

Sababu ya pili ni wanyama na watu. Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo na kuingiza shingo kati ya nyaya kufuata majani ya ng'ambo. Mbuzi husukuma kutoka chini. Watu nao hukanyaga waya wa kati wanapokatiza njia, na kila anayepita hapo huuongezea waya urefu kidogo. Aidha, misumari ya U hung'oka au kuota kutu, na waya ukabaki ukining'inia.

Sababu ya tatu ni waya wenyewe. Waya laini ukivutwa kupita kiwango chake hurefuka na haurudi tena. Waya mgumu wa mkazo wa juu hurejea katika urefu wake wa awali mradi usivutwe kupita kiasi. Ni vyema mkulima ajue aina aliyo nayo kabla ya kushika kikazio. Akumbuke pia kwamba namba ya geji ikiwa kubwa waya huwa mwembamba: geji 12½ ina unene wa takriban milimita 2.5, ilhali geji 16 ina takriban milimita 1.6.

AINA ZA VIFAA

Kikazio cha kawaida ni kile cha mnyororo. Kina vibano viwili vya kushika waya, mnyororo mfupi, na mpini unaosukumwa mbele na nyuma. Kila mpini unapokwenda na kurudi, vibano hukaribiana kwa pete moja ya mnyororo, na kizuizi huzuia mnyororo usirudi ulikotoka. Mpini huo ni wenzo. Ukiwa mrefu mara 15 kuliko umbali kati ya egemeo na mnyororo, mkono unaosukuma kwa nguvu ya kilo 20 huzalisha mvuto unaokaribia kilo 300. Hii ndiyo sababu mtu mmoja aweza kukaza mstari ambao watu wanne hawawezi kuuvuta kwa mikono.

Aina ya pili ni winchi ndogo ya mkono, yenye kamba ya chuma inayojikunja kwenye pipa lenye gurudumu la meno. Hufaa pale ambapo ulegevu ni mkubwa au waya umekatika na ncha zake ziko mbali.

Aina ya tatu ni kifaa kidogo cha kukunja waya, mfano wa koleo lenye vijino vitatu. Waya ukibanwa katikati ya vijino hivyo na kifaa kuzungushwa, hupata mkunjo wa zigizaga, na kila mkunjo hupunguza urefu wake kidogo. Kifaa hiki hakihitaji kukata wala kuunga. Hata hivyo, hufaa kwa ulegevu mdogo na kwa waya laini pekee. Waya mgumu wa mkazo wa juu haufai kukunjwa hivyo, kwa kuwa mahali palipopindwa kwa pembe kali hudhoofika na ndipo utakapokatikia siku moja.

Kwa asiyekuwa na lolote kati ya hivyo, nyundo yenye makucha yaweza kusaidia. Waya huingizwa kati ya makucha, kichwa cha nyundo kikaegemezwa kwenye nguzo, na mpini ukavutwa kama wenzo. Njia hii hutoa mvuto mfupi tu, wa kutosha sehemu iliyo kati ya nguzo mbili, wala haiwezi kuponya mstari mzima.

NGUZO KWANZA

Kabla ya kikazio kutolewa mfukoni, mkulima anafaa kuutembea mstari mzima kutoka pembe hadi pembe. Kila nguzo isukumwe kwa mkono. Zile za pembeni zifukuliwe kidogo kwenye shina na kudungwa kwa ncha ya panga. Ikiwa panga linazama, nguzo hiyo imeoza na haitastahimili mvuto. Ibadilishwe kwanza.

Nguzo ya pembeni inafaa kuchimbiwa kina cha sentimita 90 hivi, na udongo urudishwe kwa matabaka madogo yanayoshindiliwa moja baada ya jingine kwa mtaimbo. Wengi hurudisha udongo wote kwa mara moja na kuukanyaga juu juu. Nguzo ya namna hiyo husimama vizuri hadi mvua ya kwanza.

Hatua inayopuuzwa zaidi ni ile ya kuegemeza. Nguzo ya pembeni huvutwa kuelekea ndani ya mstari. Kwa hivyo, mti wa kuiegemeza unafaa kuwekwa upande uo huo wa mstari, ncha yake ya juu ikishika nguzo katika theluthi mbili za kimo chake na ya chini ikikaa juu ya jiwe pana lililofukiwa. Mti huo huisukuma nguzo kinyume cha mvuto. Pale ambapo mistari miwili hukutana pembeni, miti miwili inahitajika, mmoja kwa kila mstari. Mti mmoja ukiachwa, nguzo itainamia upande usio na mwegemeo.

Nguzo mpya iliyosimamishwa kwa saruji isivutwe siku hiyo hiyo. Iachwe angalau wiki moja saruji ishike.

HATUA ZA KUKAZA

Ikiwa ua una umeme, mtambo uzimwe kwanza na kutenganishwa na waya kabla ya yeyote kugusa chochote. Baada ya hapo, kazi ifuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, misumari ya U kwenye nguzo zote za mstari huo ilegezwe bila kung'olewa, ili waya uweze kuteleza ndani yake. Hatua hii ni muhimu mno kwa seng'enge, kwa kuwa miiba hukwama kwenye misumari. Waya uliokwama katika nguzo ya tano hukazika kati ya nguzo hiyo na kikazio tu, na sehemu iliyobaki hubaki kama ilivyokuwa.

Pili, kikazio kiwekwe katikati ya mstari, baina ya nguzo mbili. Kibano kimoja kishike waya upande wa kushoto na cha pili upande wa kulia, umbali wa takriban mita 1. Vibano vishike mahali pasipo na mwiba wala kiungo cha zamani.

Tatu, mpini usukumwe polepole. Waya ulio kati ya vibano utaanza kujipinda nje, na huo ndio ulegevu uliokuwa umetawanyika katika mstari wote. Baada ya kila misukumo michache, msaidizi mmoja autembee mstari akiutikisa waya kwenye kila nguzo ili mvuto ufike hadi pembeni. Atazame pia kama nguzo za mwisho zinasogea. Zikisogea, kazi ikomeshwe mara moja na nguzo zirekebishwe.

Nne, mkazo ukishatosha, waya uliojipinda ukatwe kwa koleo, na kila upande ubakie na ziada ya sentimita 20 au zaidi. Ncha moja ikunjwe kuwa kitanzi, ya pili ipitishwe ndani ya kitanzi hicho na kukunjwa vivyo hivyo, kisha kila mkia uzungushwe kwenye waya wake mara tano au zaidi, mizunguko ikigusana.

Tano, kikazio kilegezwe hatua kwa hatua. Kisifunguliwe kwa ghafla. Waya utahamisha mzigo kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye kiungo kipya, na kiungo kibovu kitajitambulisha hapo, wakati vibano bado viko karibu.

Sita, misumari ya U igongwe upya, lakini isizamishwe ikaubana waya. Iachwe na nafasi ya kutosha waya kusogea. Miguu ya msumari ikae mshazari dhidi ya nyuzi za mti ili isiupasue. Waya nao uwe upande wa nguzo unaosukumwa na mifugo, ili ng'ombe akiegemea, aukandamize waya kwenye nguzo badala ya kuung'oa.

Nyaya zote zikishakazwa, mkulima arudi kwa ile aliyoanza nayo. Kwa kawaida ataikuta imelegea kidogo, kwa kuwa kila waya mpya unaovutwa huisogeza nguzo ya pembeni japo kwa milimita chache. Ni afadhali kukaza zote kwa awamu mbili kuliko kuumaliza mmoja kabisa kabla ya kuugusa wa pili.

Kuhusu ua wa wavu wa miraba, mikunjo midogo iliyotiwa kiwandani kwenye nyaya zake za mlalo isifikiriwe kuwa ni kasoro. Hiyo ndiyo springi ya ua. Wavu uvutwe hadi theluthi moja hivi ya mikunjo inyooke, na iliyobaki iachwe ipokee msukumo wa mifugo.

KIASI GANI KINATOSHA?

Wengi huupima waya kwa kuugonga na kusikiliza mlio. Kipo kipimo bora kisichohitaji chombo cha kununua. Katika ua ambao nguzo zake zina umbali wa mita 3, mtungi wenye lita 5 za maji utundikwe katikati ya nguzo mbili, kisha ipimwe ni kiasi gani waya umeshuka.

Waya ukishuka kwa takriban sentimita 2.5, mvuto wake unakaribia kilo 150. Kiasi hicho kinafaa waya wa mkazo wa juu wenye unene wa milimita 2.5. Ukishuka kwa sentimita 5, mvuto ni nusu ya huo. Kwa waya mmoja laini wa unene uo huo, sentimita 5 hadi 6 zatosha, na kuvuta zaidi ni kuuchosha bure. Kanuni ya jumla ni kutozidi theluthi moja ya nguvu inayoweza kuukata waya.

Sababu ya kuacha akiba hiyo ni kwamba hata hali ya hewa huuvuta waya. Chuma hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Waya wa mita 100 hubadilika kwa takriban milimita 24 joto linapopanda au kushuka kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katika maeneo kama Nyandarua na Laikipia, ambako usiku huwa na baridi kali na mchana jua huchoma, waya uliokazwa hadi ukomo wake saa saba mchana hujivuta zaidi usiku wa manane. Aliyelala akijisifu kwa ua unaolia kama uzi wa gitaa aweza kuamka na kukuta nguzo imelala. Kazi hii hufaa kufanywa asubuhi, jua likiwa limechomoza lakini halijapamba moto.

USALAMA

Waya uliokazwa huhifadhi nguvu, na ukikatika hurudi kwa kasi kama mjeledi wenye miiba. Anayesukuma mpini asisimame sambamba na waya wala asiupande. Glavu za ngozi, miwani ya kujikinga na viatu vilivyofungwa si mapambo. Watoto wasogezwe mbali. Waya ulioliwa na kutu usivutwe kabisa, ubadilishwe. Aliyechomwa na seng'enge aoshe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende kituo cha afya aulizie chanjo ya pepopunda.

Vilevile, vipande vyote vilivyokatwa viokotwe na kuhesabiwa kabla ya kuondoka. Ng'ombe humeza malisho bila kuyatafuna sana, na kipande cha waya kilichofichika kwenye nyasi huingia pamoja nayo. Kikifika katika tumbo la pili huweza kulitoboa na kusonga mbele hadi kwenye moyo. Itakuwa ajabu mkulima kumzuia ng'ombe asitoroke na kisha kumuua kwa masalio ya ua ule ule.

UKAGUZI WA MARA KWA MARA

Ua haukazwi mara moja ukaisha. Ua wa umeme unaozunguka milima ya Aberdare, ambao ujenzi wake ulianza mwaka wa 1989 na kukamilika mwaka wa 2009, una urefu wa takriban kilomita 400. Ungekuwa chuma chakavu tu kama kusingekuwa na wahudumu wa kuutembelea, kufyeka majani chini yake na kurekebisha palipolegea. Mwenye ekari mbili hana haja ya wahudumu, ila utaratibu ni uo huo.

Ukaguzi mara mbili kwa mwaka watosha kwa mashamba mengi: mwezi wa Februari kabla ya mvua za masika, na Septemba kabla ya zile za vuli. Wanaoishi karibu na bahari, katika kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi, wafanye hivyo mara nyingi zaidi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula zinki iliyopakwa waya na kuharakisha kutu. Mahali ambapo vibano vya kikazio vimekwaruza zinki hiyo pia papakwe rangi ya kuzuia kutu. Kikazio chenyewe kifutwe, kitiwe mafuta kwenye mnyororo na kutundikwe pakavu.

Wakulima wasioweza kumudu bei ya kifaa hiki hawana sababu ya kuacha nyua zao zining'inie. Kikazio kimoja hutumika siku chache tu kwa mwaka katika kila shamba, na majirani watano au sita waweza kuchanga na kukimiliki kwa pamoja. Isitoshe, kazi ya kukaza waya huhitaji watu wawili au watatu. Jirani mnayetenganishwa naye na ua ndiye wa kwanza kunufaika ukiwa imara, na huenda ndiye mshirika anayefaa zaidi kushika upande wa pili wa waya.